Karatasi Mbili za Punda Mmoja

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye shimo la udongo, nyuma ya tanuri la matofali, na soli za viatu vyake zilikuwa safi. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Inspekta. Shimo lile hata kuku akilivuka anatoka amevaa soksi za matope. Mtu aliyeingia humo kwa miguu yake mwenyewe asingebaki na soli za namna ile.

"Ameletwa huyu," alisema Inspekta.

"Ameletwa, afande," aliitikia Koplo, ambaye siku zote huitikia kama mtu aliyekuwa karibu kulisema yeye.

Marehemu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti jeupe la maabara. Mji mzima ulimjua. Alifanya kazi kituo cha utafiti wa mifugo, na kwa miaka miwili alikuwa akisimama pale kioski cha maji, anasimamisha mikokoteni ya punda mmoja mmoja, anang'oa nywele chache za shingoni na kuzitia kwenye bahasha. Wachota maji walimbandika jina la Daktari wa Nywele. "Daktari, leo unamsuka nani?" wangemuuliza, naye angecheka hadi aegemee punda. Haikumjia mtu yeyote akilini kwamba mwanamke mcheshi kama yule angekuwa na adui.

Jeraha lilikuwa moja, nyuma ya sikio. Daktari wa polisi alisema ni pigo la chuma, na kwamba kifo kilitokea jana yake, kati ya alasiri na jua kuchwa. Walipomgeuza, Inspekta alichuchumaa. Mgongoni mwa koti, damu ilikuwa imeganda na kushika nywele fupi, ngumu, za kijivu. Nyingi.

"Punda," alisema Koplo.

"Punda yupi?"

"Afande, mji huu una punda arobaini na wote rangi moja. Hapo ni kama umeniuliza kokoto ipi."

Inspekta hakucheka. Alizitia nywele zile kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika namba, akaomba aitiwe mwenye tanuri.

Mwenye tanuri, ambaye wote walimwita Tajiri wa Matofali ingawa utajiri wenyewe ulikuwa punda sita na deni la kuni, alikuja akijifuta udongo mikononi.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Na vibarua wangu wanane. Waulize."

"Unamfahamu marehemu?"

"Nitaachaje kumfahamu? Si ndiye aliyepima ile kesi yangu ya punda? Wewe mwenyewe ulikuwepo, afande."

Kweli alikuwepo. Kesi yenyewe ilikuwa ya mwaka uliopita. Tajiri alidai kwamba mchota maji mmoja, mzee mpole aliyeitwa Mzee Madumu, amemwibia mtoto wa punda. Mzee akasema mtoto amezaliwa nyumbani kwake, mama yake ni punda wake jike aitwaye Bibie. Hakukuwa na shahidi. Punda jike wa Tajiri alikuwa ameshakufa, kwa hiyo Bibie peke yake ndiye aliyepimwa pamoja na yule mtoto. Maabara ikaandika kwamba Bibie si mama yake. Inspekta ndiye aliyemkamata mzee, na ndiye aliyesimama kizimbani kuisoma ripoti ile. Miaka miwili jela.

Alikumbuka kitu kimoja zaidi, na hakupenda kukikumbuka. Siku ya kukamatwa Mzee Madumu alimwambia, "Mwanangu, karatasi za nini? Mfungulieni tu kamba huyo mtoto, mtaona anakwenda kunyonya kwa nani." Askari walicheka. Yeye hakucheka, lakini pia hakumfungua mtoto wa punda. Hata kwenye maelezo hakuyaandika maneno yale.

"Vibarua wanasema kweli, afande," Koplo alimwambia baadaye. "Jana Tajiri hakutoka hapa. Alikuwa anagombana nao mpaka magharibi."

"Basi twende maabara."

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye friji tatu na mashine moja iliyofunikwa kitambaa. Mkuu wa maabara aliwapokea macho yakiwa mekundu. Marehemu alikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake. Kwa namna alivyolitaja jina lake, Inspekta aliona kwamba alikuwa kama bintiye.

"Daftari lake la kazi liko wapi?"

"Sijui. Labda alikuwa nalo."

"Mkobani halimo."

"Basi sijui."

Fundi wa maabara, mama wa makamo aliyekuwa akiosha vioo kwenye sinki, alizima bomba. Alitazama tu droo ya meza ya Mkuu, halafu akafungua bomba tena. Koplo, ambaye kwa mambo mengine ni mzito lakini kwa macho ya akina mama wenye hasira ni hodari, aliiendea droo moja kwa moja. Daftari lilikuwemo.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maandishi makubwa: *Namba 17 ni mama yake. Tulikosea. Kesho naenda kwao.*

"Namba kumi na saba ni nani?" Inspekta aliuliza, ingawa moyo wake ulishajibu.

Mkuu aliketi. "Bibie," alisema.

"Nieleze. Na unieleze kama unavyomweleza mama yako."

Akavuta pumzi. "Kila mnyama, kila mahali tunapopima, ana alama mbili za vinasaba. Moja ya mama, moja ya baba. Kuzisoma kunahitaji funguo, na funguo za punda hatukuwa nazo. Za farasi zilikuwepo. Farasi na punda ni ndugu, basi tukaazima."

"Mkaazima."

"Ni kazi ya kawaida, afande. Watu wanapima nyati kwa funguo za ng'ombe. Nyingi zinaingia vizuri kabisa. Ikikataa kufungua, unajua imekataa, unaiacha. Ubaya ni ile inayofungua nusu. Inakuonyesha alama moja, nyingine inabaki imefichika, na mashine haikuambii kwamba kuna iliyofichika. Unaona moja, unadhani ndiyo zote."

"Na Bibie?"

"Tulipima sehemu kumi na mbili. Kumi zilionyesha mama na mtoto wanalingana, mbili zikakataa. Kwenye hizo mbili Bibie alikuwa na alama inayoonekana na alama iliyofichika. Mtoto akarithi ile iliyofichika, na kwa baba akapata nyingine kabisa. Ukiwaweka pamoja, hawafanani hata kidogo. Kanuni yetu ilikuwa zikikataa mbili, huyo si mama. Nikatia sahihi. Niliandika 'bila shaka yoyote'." Alijifuta uso. "Punda wa watu! Hata mtoto wa shule angewatazama wale wawili akajua."

"Marehemu aligundua lini?"

"Alipopima punda wote wa mji. Akaona akina mama wengi wanawakataa watoto waliozaliwa mbele ya macho ya watu. Akatengeneza funguo za punda wenyewe."

"Nimeuliza lini."

"Miezi mitano iliyopita."

Kwenye sinki, fundi alizima bomba.

"Miezi mitano," alisema Inspekta, "na mtu yuko jela."

"Nilimwambia asubiri, arudie vipimo, tuwe na hakika. Haraka haraka haina baraka, nilimwambia. Tukikosea mara ya pili nani atatuamini?"

"Naye akasema nini?" Aliyejibu ni fundi, akiwa bado amewapa mgongo. "Alisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila wiki alikuwa anasema hivyo. Na kila wiki alikuwa anarudia kipimo."

Koplo alitaka kumtia Mkuu pingu hapo hapo. Alikuwa ameficha kielelezo, alikuwa na sababu, na kwa kweli uso wake ulikuwa wa mtu mwenye hatia. Lakini wafanyakazi watano walikuwa kikaoni naye jana alasiri yote. Hatia aliyokuwa nayo haikuwa ya shimo la udongo.

Nyumba ya Mzee Madumu ilikuwa mwisho wa mtaa, vyumba viwili na zizi la mabati. Mkokoteni ulisimama uani, madumu ya njano yamepangwa juu yake. Mjane hakuwa na haja ya kujitambulisha. Nguo zake nyeusi zilitosha. Inspekta alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Shikamoo, mama."

"Umekuja kumkamata tena?" aliuliza yule mama taratibu. "Umechelewa. Tumemzika wiki mbili zilizopita. Kifua. Alikohoa gerezani mpaka akaisha. Kama bado unamtaka, kaburi lake si mbali."

Inspekta hakujua. Hakuna aliyemwambia, na hakuwahi kuuliza.

Binti yao alitoka zizini, mkononi ndoo ya pumba. Baada ya baba kufungwa, yeye ndiye aliyeushika mkokoteni, mwanamke pekee kwenye foleni ya kioski, na wenzake wakampa jina la Dereva. Mwanzo walimtania. Baadaye walimheshimu, maana hakuna aliyejaza madumu ishirini upesi kumshinda.

"Daktari wa Nywele alikuja hapa jana?" Inspekta alimuuliza.

"Hapana."

"Aliandika kwamba anakuja."

"Watu wa maabara wanaandika mengi."

"Mama, wewe ulikuwepo jana alasiri?"

"Nilikwenda kaburini," alisema mjane. "Nilirudi jua limezama."

Bibie alichungulia juu ya mlango wa zizi, masikio mbele. Shingoni, mahali inapokaa nira, hakuwa na kile kipande cha gunia kinachozuia mikwaruzo, ambacho kila punda wa mkokoteni anacho. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

"Gunia lake liko wapi?"

"Lilichakaa nikalitupa," alisema Dereva. Alisema upesi mno.

Kesho yake polisi walisimama kioskini na kuchukua nywele za punda wote arobaini, zikiwa na mizizi yake, kama alivyofanya marehemu. Wachota maji walinung'unika kwamba sasa hata polisi wamekuwa wasusi. Zamu ya Bibie ilipofika, Dereva mwenyewe alimshika masikio ili atulie.

"Chukueni," alisema. "Nywele zenu zilishadanganya mara moja. Zitadanganya tena."

Vipimo alivifanya fundi wa maabara, kwa zile funguo mpya, mbele ya mtaalamu aliyeletwa kutoka kituo kingine. Mkuu alikaa nje kwenye benchi siku mbili, mikono juu ya magoti, bila kuombwa. Siku ya tatu fundi alimwita Inspekta na kumkabidhi karatasi mbili.

"Hii ya kwanza ni ya nywele za kwenye koti," alisema. "Si za punda wa Tajiri, hata mmoja wa sita wake. Ni za Bibie."

"Na hii?"

"Hii hukuiomba. Nimeifanya kwa ajili ya marehemu. Yule mtoto wa punda ni wa Bibie. Sehemu zote kumi na mbili zimekubali."

Inspekta alizisoma karatasi zote mbili akiwa amesimama. Zilitoka mashine moja, kwa funguo zile zile, na zilikuwa na sahihi zile zile chini. Akaketi kwenye stuli ya fundi na kulia, kidogo tu, kama mtu anayepiga chafya. Fundi alimpa kitambaa cha kufutia vioo.

Dereva alikuwa akifunga nira Inspekta na Koplo walipoingia uani. Mjane alikaa kizingitini, anapepeta mchele. Inspekta alimwonya binti kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema lolote, na atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Kisha akaweka karatasi ya kwanza juu ya mkokoteni.

"Nywele zilizoganda kwenye koti la marehemu ni za Bibie. Alifunikwa kwa lile gunia."

"Uongo. Kipimo hicho hicho ndicho kilichomfunga baba yangu."

"Siyo hicho. Hiki ni kipya. Alikitengeneza marehemu."

"Vyote ni vimoja. Nitasema mahakamani, na hakimu atanielewa. Mashine iliyokosea jana, leo imekuwa malaika?"

Na huenda hakimu angemwelewa. Koplo alilijua hilo, na Inspekta pia. Hawakuwa na chuma, hawakuwa na gunia, hawakuwa na shahidi.

Inspekta alitoa karatasi ya pili. Alisita. Kisha akamkabidhi mkononi.

Dereva alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho alianza tena mwanzo.

"Inasema nini?" aliuliza mama yake.

"Inasema mtoto ni wa Bibie." "Inasema baba hakuiba."

Mjane aliuweka ungo chini. "Nani hakujua?" alisema. Lakini machozi yalishaanza kumtoka.

Dereva alizishika karatasi mbili, moja kila mkono. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Nikisema hii ni uongo," alisema hatimaye, akiinua ile ya kwanza, "basi na hii ya baba ni uongo."

Inspekta alitamani, kwa moyo wake wote, awe na jibu jingine.

"Basi ni kweli," alisema Dereva. "Zote mbili ni kweli. Nimemuua mimi."

Mama yake aliinuka nusu, akakaa tena.

"Alikuja alasiri, anatabasamu," Dereva aliendelea. Hakuwa anawatazama, alikuwa anaongea na shingo ya Bibie. "Amebeba bahasha, anahema kwa kukimbia. Akasema, 'Dada, baba yako atatoka! Tulikosea, nimepata uhakika, kesho naipeleka mahakamani.' Hakujua. Alikuwa hajui kama tumeshamzika. Nikamuuliza, umejua lini? Akasema ana miezi mitano, alikuwa anahakikisha. Miezi mitano! Mwezi ule baba alikuwa mzima. Niliwahi kumwona, alikuwa anacheka, ananiuliza Bibie anakula nini. Nikamwambia, baba amekufa. Akashika kichwa, akasema, 'Mungu wangu, nilitaka tu nihakikishe.' Alirudia hivyo hivyo, nilitaka nihakikishe, nilitaka nihakikishe. Nilikuwa na ile pini ya chuma ya mkokoteni mkononi. Nilitaka anyamaze."

"Halafu?"

"Akanyamaza."

"Na shimo la Tajiri?"

"Nilimfunika, nikamficha zizini. Alfajiri nikampakia, nikaweka madumu juu. Nani ataushangaa mkokoteni wangu alfajiri? Nilitaka na yule Tajiri aulizwe maswali. Hata siku moja tu. Baba aliulizwa siku ngapi?" Akapangusa uso kwa kiwiko. "Gunia nililichoma. Pini iko kisimani. Yule dada hakuwa mtu mbaya, afande. Ndiyo sababu silali. Katika nyinyi nyote, yeye peke yake ndiye aliyekuja kutuomba radhi."

Koplo alitoa pingu. Dereva alirudi hatua moja.

"Nitakwenda. Lakini karatasi ya baba isomwe kwanza. Pale kioskini, mbele ya wote waliomwita mwizi."

Hakuna kanuni ya polisi inayoruhusu jambo hilo. Inspekta alisema, "Twende."

Ilikuwa saa nne asubuhi, foleni imefika barabarani. Tajiri wa Matofali aliitwa, akaja na yule mtoto wa punda, ambaye sasa alikuwa mkubwa karibu kumfikia mama yake. Tajiri hakubisha. Alisema punda wake naye alikuwa amezaa wiki ile ile na mtoto akapotea, na kwamba aliamini, wallahi aliamini. Alikuwa anamwambia mjane, lakini mjane hakumtazama.

Inspekta alipanda juu ya ngazi ya kioski. Alisoma karatasi yote, hadi sahihi. Kisha akasema lile ambalo halikuandikwa: "Mzee Madumu hakuiba. Aliniambia nimfungue mtoto nione atakwenda kwa nani. Sikumfungua. Aliyemkamata ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mchota maji mmoja mzee alivua kofia, na wengine wakafuata. Maji yalifurika kwenye dumu moja na hakuna aliyekwenda kuyafunga.

Dereva alimvua Bibie nira kwa mikono yake, akamfungua na yule mtoto kamba. Watu wote walitazama. Bibie alimnusa mtoto ubavuni, mara moja, mara mbili, kisha akageuza kichwa na kutafuta majani pembeni mwa barabara. Mtoto naye alisimama tu, hajui aende wapi. Muda ulikuwa umepita.

"Sasa," alisema Dereva, akanyoosha mikono kwa Koplo.

Mjane alikuja akasimama mbele ya Inspekta. Hakupaza sauti.

"Mmeniletea mtoto wa Bibie," alisema. "Na wangu mnampeleka wapi?"

Gari la polisi liliondoka bila Inspekta. Aliokota kamba mbili za punda, akamshika yule mama mkono, na wote wanne, watu wawili na punda wawili, wakatembea kurudi nyumbani, polepole, maana mama alikuwa hawezi kwenda haraka.